Marr alifika, Mooney akarudi: uchambuzi wa kisa cha skauti wawili wa meli Quest

Mwaka 1921 Ernest Shackleton, mvumbuzi aliyekwisha kujipatia jina katika barafu ya Antaktika, alikuwa akikusanya watu wa safari nyingine ya kusini. Pamoja na mabaharia na wanasayansi, alitaka pia kwenda na skauti mmoja. Tangazo likatoka katika gazeti la Daily Mail, na maombi yakamiminika: vijana wapatao 1,700. Wakachujwa mpaka wakabaki kumi, nao wakaonana na Shackleton mwenyewe. Badala ya mmoja, akachagua wawili: James Marr, mwanafunzi wa miaka 18 kutoka Aberdeen, na Norman Mooney, aliyekuwa mdogo kidogo kwa Marr, kutoka visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti.

Meli yao, Quest, iliondoka London tarehe 17 Septemba 1921. Mwezi uliofuata Mooney aliteremka katika kisiwa cha Madeira, akiwa hoi kwa kulewa bahari, akarudi kwao. Marr aliendelea. Njiani kiongozi wa safari alifariki. Meli ikafika kwenye barafu, ikazunguka visiwa vya mbali vya Atlantiki ya Kusini, na tarehe 16 Septemba 1922 ikatia nanga Plymouth, Marr akiwa bado ndani yake.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama kisa cha Marr: kijana aliyepenya kati ya 1,700, akafanya kazi kwa bidii, na baadaye akawa mwanasayansi mkubwa wa bahari. Yote hayo ni kweli, ila ni nusu ya kisa. Mimi nakisoma nikiwa na vijana wote wawili mbele yangu, maana naamini kwamba katika mambo yote ambayo watu wazima wa safari ile waliwafanyia vijana wao, jema kuliko yote lilifanyika Madeira. Na lilihitajika kwa sababu ya pengo lililokuwapo tangu siku ya uchaguzi. Kila anayewaongoza vijana mlimani, msituni au majini atampata Mooney wake, leo au mwakani. Namna atakavyomrudisha ndiyo itakayoonyesha kama safari yake ilipangwa kwa ajili ya vijana au kwa ajili ya kitu kingine.

Uchaguzi

Skauti ilikuwa na miaka 14 tu tangu Robert Baden-Powell alipoweka kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907. Lakini tayari ilikuwa na namna yake ya kumpima kijana: ahadi anayoitoa mbele ya wenzake, madaraja anayoyapanda, beji za ustadi, na kubwa zaidi, jinsi anavyokiongoza kikosi cha wenzake wachache pasipo mtu mzima kumsimamia. Vipimo hivyo navithamini. Beji ya huduma ya kwanza haipewi mtu kwa kusema anajua kufunga bendeji. Amefunga, na mkaguzi ameona. Kwa kuchuja vijana 1,700 waliotawanyika nchi nzima, sioni kipimo bora ambacho kingetumika.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo beji haziwezi kulijibu: mwili wa kijana huyu utafanya nini siku ya nne, ya tano na ya kumi, katika chombo kidogo kinachokwenda mrama usiku na mchana? Mahojiano nayo hayalijibu. Mtu akiwa amekaa kitini, chini kuna sakafu isiyotikisika, anaweza kuonyesha adabu, akili, moyo na ucheshi. Tumbo lake halina la kusema. Tena ingekuwa ni kubahatisha kwa kutazama alikotoka kijana, wengi wangeweka tumaini kwa Mooney. Yeye ndiye aliyetoka visiwani, ambako bahari inaonekana kila upande. Marr alitoka mjini, kwenye madawati ya chuo kikuu, alikokuwa akisoma lugha za kale.

Wala haiwezekani kusema kwamba viongozi wa skauti walikuwa wageni wa hatari za majini. Tarehe 4 Agosti 1912 mashua iliyowabeba skauti wa Walworth, London, ilipinduka karibu na Leysdown, mdomoni mwa mto Thames, na vijana tisa wakafa maji. Nchi nzima iliomboleza. Msiba wa namna hiyo huwafundisha watu wazima kuogopa upepo wa ghafula na chombo kupinduka, na ndivyo inavyopaswa. Lakini mara nyingi hofu kubwa huficha hofu ndogo. Kijana anayetapika kwa wiki nzima hapigi kelele ya kuomba msaada. Anajikokota, anasema ataamka kesho akiwa mzima, na kila anayemtazama anataka kumwamini.

Je, safari fupi ya majaribio ingemwondoa Mooney mapema? Hapa watu huharakisha jibu. Watu wengi wanaolewa bahari siku ya kwanza na ya pili huzoea baada ya siku chache, kwa hiyo siku mbili za majaribio zingeweza kuwaondoa vijana ambao wangekuja kuwa mabaharia hodari. Faida yake ingekuwa nyingine. Ingewaambia watu wazima nani wa kumwangalia kwa karibu, na ingemwonjesha kijana mwenyewe kitu ambacho hakuna maneno ya kukieleza ukiwa nchi kavu. Jaribio la namna hiyo lina thamani kwa kuwa linampa kiongozi muda wa kupanga njia ya kurudi kabla haijahitajika.

La kuwachagua wawili nalisifu bila kusita. Kijana mmoja peke yake kati ya watu wazima waliokwisha kuzunguka dunia huwa ama kipenzi cha wote ama mtumishi wa wote, na hali zote mbili humharibu. Wakiwa wawili wana mtu wa kunong'onezana naye. Isitoshe, mmoja akianguka safari ya vijana haifi. Sidhani kama Shackleton alihitaji kulieleza hilo. Alikuwa ameishi na watu katika dhiki kwa muda mrefu wa kutosha kulijua.

Meli yenyewe

Quest ilikuwa meli ya Wanorwe ya kuwinda sili, iliyojulikana kama Foca I kabla ya kupewa jina jipya na Emily, mke wa Shackleton. Ilikuwa ndogo: tani 125, urefu wa mita 34 hivi. Ndani yake walijaza kila kilicho kipya kwa wakati ule: redio ya mawasiliano, dira ya jairo, kituo cha mlinzi juu ya mlingoti kilichopashwa joto kwa umeme, hata ndege ndogo ya majini. Mfadhili, John Quiller Rowett, hakuwa bahili.

Mambo ya msingi ndiyo yaliyopungua. Injini ilikuwa dhaifu na ikahitaji matengenezo Lisbon, kisha tena na tena bandari kwa bandari. Rio de Janeiro peke yake iliwaweka karibu mwezi mzima. Na chombo chenyewe kilikuwa na tabia ya kuyumba vibaya mno, kiasi kwamba hata watu waliozoea bahari walitaabika. Kwa mtazamo wa kiongozi wa vijana, orodha hii inasomeka kwa uzito. Vifaa vya kuvutia vilikuwa vingi, ila chombo ambacho vijana wangelala, kula na kufanya kazi ndani yake hakikuwa kimejaribiwa kwa kutosha katika bahari kuu kabla hawajapanda.

Madeira

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe, maana wanaoudharau ni wale ambao haujawahi kuwapata. Ndani ya sikio kuna viungo vidogo vinavyotambua mwendo na mizani ya mwili. Ukiwa chini ya sitaha, macho yanaona ukuta na meza vimetulia, huku sikio likitangaza kwamba dunia inapanda na kushuka. Habari hizo mbili hazipatani, na matokeo yake ni jasho baridi, kichefuchefu, kutapika. Kwa walio wengi ubongo hujifunza upya baada ya siku chache. Kwa wachache haujifunzi, au huchukua muda mrefu kuliko mwili unavyoweza kustahimili. Chakula hakikai tumboni, maji na chumvi vinapungua mwilini, usingizi unakatika, mikono inakosa nguvu. Katika sitaha iliyolowa, mikono isiyo na nguvu ni hatari kwa mwenyewe na kwa aliyeko karibu naye.

Ushujaa hauhusiki. Horatio Nelson, mkuu wa wanamaji ambaye Waingereza wanamheshimu kuliko wote, alilewa bahari maisha yake yote. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa kijana aliyelala kitandani akiwa na ndoo ubavuni hawazi habari za sikio la ndani. Anajiuliza kama yeye ni dhaifu.

Sasa fikiria mzigo uliokuwa juu ya Mooney. Magazeti yalikuwa yamelitangaza jina lake. Vijana karibu 1,700 waliitaka nafasi ile wakaikosa. Mwenzake, Marr, ambaye naye siku za kwanza zilimtaabisha, alikuwa ameanza kusimama. Kila kitu kilichokuwa kimemzunguka kilimwambia abaki. Kumwacha kijana katika hali hiyo aamue peke yake ni kumtwisha kazi isiyo yake: akisema anarudi, amejihukumu mwenyewe; akisema anabaki, mwili wake utalipa. Ndiyo maana uamuzi wa namna hii ni wa mtu mzima, na mtu mzima aubebe waziwazi, ili kijana aweze kusema bila uongo kwamba alirudishwa.

Tazama pia mahali. Madeira ilikuwa bandari ya kawaida ya meli za abiria zilizokwenda na kutoka Uingereza. Kumpatia kijana njia salama ya kurudi nyumbani lilikuwa jambo jepesi. Baada ya hapo Quest ingegusa visiwa vya Cape Verde, kisha Atlantiki nzima hadi Brazil, kisha bahari ya kusini ambako mtu hapati meli ya kumrudisha kwa kutamani tu. Mlango ulikuwa wazi Madeira, na kila siku iliyofuata ungezidi kuwa mwembamba. Kiongozi anayengoja mpaka iwe hakuna budi huwa amengoja mpaka ikawa hakuna njia.

Jambo la tatu halisemwi sana, nami naliona kubwa. Mooney hakuteremka peke yake. J. C. Bee Mason, mpiga picha wa safari, mtu mzima mwenye fani yake, aliishia Madeira kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyehitaji kumwambia kijana kwamba utoto wake ndio uliomrudisha; palikuwa na mtu mzima aliyeshindwa na bahari ileile. Katika makundi yetu mara nyingi tunafanya kinyume: mkubwa akichoka tunatafuta sababu ya kumpa heshima, kijana akichoka tunamwita mlegevu. Kipimo kiwe kimoja kwa wote wawili, na vijana waone kwamba ni kimoja.

Kuna watakaosema kwamba kumrudisha kijana mapema kunamfundisha kukata tamaa, na kwamba skauti ni mafunzo ya uvumilivu. Hoja hiyo nimeisikia kwa viongozi ninaowaheshimu, na ina nguvu pale ambapo kijana amechoka tu, au amekumbuka nyumbani, au amegombana na mwenzake wa hema. Hayo yanapita, na kijana akisaidiwa kuyapitia anatoka na kitu cha kudumu. Lakini uvumilivu una sharti moja: pawe na uwezekano wa mwili kupata nafuu huku mtu akivumilia. Mahali ambapo kila siku inamwacha kijana dhaifu kuliko jana, kinachoendelea si mafunzo tena. Kiongozi anatakiwa awe na jicho la kutofautisha mambo haya mawili, na jicho hilo halipatikani kwa kusoma mwongozo. Linapatikana kwa kukaa karibu na vijana, kula nao, na kujua sura ya kila mmoja akiwa mzima.

Kazi ya Marr

Marr hakupandishwa melini kuwa pambo. Alimsaidia mpishi, Charles Green, jikoni, akaosha na kumenya; alishuka kwenye matanuri akasukuma makaa ya mawe katika joto na vumbi; alishika zamu usiku kama wengine. Ni kazi za chini kabisa katika meli, na ndizo zilizompa heshima mbele ya watu ambao beji zake zisingewashtua. Kijana akipewa kazi ambayo isipofanyika watu watalala njaa au meli itasimama, anakua mbele ya macho yako. Akipewa kazi ya kubuniwa ili naye aonekane anafanya kitu, anajua. Vijana hawadanganyiki katika hilo.

Kisha kikaja kipindi ambacho hakuna aliyekipanga. Kuchelewa Rio kulimfanya Shackleton aache mpango wa kupitia Cape Town, ambako sehemu kubwa ya vifaa, zikiwamo nguo za baridi na vipuri vya ile ndege, ilikuwa ikiwangoja. Wakaelekea moja kwa moja kisiwa cha South Georgia. Walitia nanga Grytviken, kituo cha wawindaji wa nyangumi, tarehe 4 Januari 1922. Usiku uleule, kabla hakujapambazuka tarehe 5, Shackleton alifariki kwa ugonjwa wa moyo.

Naona hapa ndipo palipo na mafunzo mengi kwa anayeongoza vijana, na ndipo wasimulizi wanapopita haraka. Kijana wa miaka 19 yuko kwenye kisiwa cha barafu, maelfu ya kilomita kutoka kwao, na mtu aliyemchagua kwa mkono wake amekufa. Nini kilimshika asianguke? Frank Wild, msaidizi wa Shackleton na mwenzake wa miaka mingi, alichukua uongozi asubuhi ileile na akaamua safari iendelee. Zamu ziliendelea. Jiko liliendelea. Marr alikuwa na mahali pa kwenda saa ya kazi ilipofika, na watu waliomtegemea afike. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na meli ile ilikuwa imepangwa hivyo tangu mwanzo: ngazi ya madaraka ilijulikana, na kila mtu alimjua anayemfuata.

Hebu ulize katika kundi lolote la skauti: kiongozi akivunjika mguu saa nane usiku, ni nani anayeshika usukani? Ikiwa jibu linahitaji kikao, kundi hilo halijawa tayari kulala nje. Mfumo wa vikosi ambao Baden-Powell aliujaribu Brownsea, wa vijana wachache wakiongozwa na kijana mwenzao, ulikuwa na faida hii pia, ingawa watu huukumbuka zaidi kwa michezo na nyimbo za motoni.

Quest ilisonga kusini ikiwa na upungufu wa vifaa na injini ile dhaifu. Tarehe 12 Februari 1922 ilifika latitudo ya digrii 69 na dakika 17 kusini, pakawa ndipo mwisho wake. Mwezi Machi barafu iliikamata kwa siku kadhaa. Waliuona kisiwa cha Elephant, ambako miaka sita nyuma Wild mwenyewe alikuwa amekwama pamoja na watu wa Shackleton, wakishindwa kuondoka. Aprili wakarudi South Georgia na kukuta Shackleton amezikwa palepale Grytviken, kwa matakwa ya mke wake.

Kwa hesabu ya wanajiografia safari haikuleta makubwa. Kwa hesabu ya skauti kuna tukio moja ambalo nalipenda kupita yote. Mwezi Mei meli ilifika Tristan da Cunha, moja ya visiwa vya mbali kabisa duniani vinavyokaliwa na watu. Kulikuwa na kundi la skauti huko. Marr akawakabidhi bendera iliyotoka kwa Baden-Powell. Vijana wa kisiwa kile huenda hawakuwa wamewahi kumwona skauti wa mahali pengine, na aliyewafikia alikuwa kijana mwenye mikono migumu kwa koleo la makaa. Kama ningetakiwa kueleza kwa nini skauti alipaswa kuwamo katika meli ile, ningelieleza tukio hili nisiongeze jingine.

Baada ya kushuka

Safari iliacha madeni, na mtu wa kuvuta watazamaji wa sinema ya safari ile alikuwa tayari yupo. Marr alisimamishwa katika majumba ya sinema akiwa na sare yake ya skauti na kilti ya Kiskoti ili watu waje. Najua gharama za safari lazima zilipwe, na huenda mwenyewe alikubali kwa moyo mweupe. Hata hivyo, hapa ndipo ninapotilia shaka watu wazima wa kisa hiki. Mwaka mzima walimtendea kama baharia. Aliporudi walimfanya tangazo. Na tukirudi nyuma, tangazo la gazetini lililomleta lilikuwa pia njia ya kuipatia safari umaarufu. Mooney aliyerudi mapema hakuwa na picha ya kuuza, basi historia ikamwacha.

Makundi ya leo yana kishawishi hichohicho, tena kikali zaidi, kwa kuwa kila kiongozi ana kamera mfukoni. Picha ya kijana juu ya kilele inavuta wafadhili na wazazi. Ukijikuta unasita kumteremsha kijana mgonjwa kwa sababu picha ya kilele itakosa mtu, simama hapohapo.

Marr hakubaki kuwa skauti wa Shackleton. Alirudi chuoni, akaongeza shahada ya elimu ya wanyama juu ya ile ya lugha za kale, akaingia katika utafiti wa bahari za kusini kupitia Discovery Investigations. Alikwenda Antaktika na mvumbuzi wa Australia, Douglas Mawson, kati ya 1929 na 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza Operesheni Tabarin, msafara wa siri wa Uingereza huko Antaktika, ulioweka kituo Port Lockroy mwezi Februari 1944, mpaka afya ikamlazimisha kuacha uongozi mwaka uliofuata. Mwaka 1962 alichapisha utafiti mkubwa kuhusu krili, kiumbe mdogo wa baharini mwenye ukoo na kamba, ambaye nyangumi wengi wa kusini humtegemea kwa chakula. Alifariki 1965. Mtu aliyeanza kwa kumenya viazi katika Quest alikuja kuwa bingwa wa chakula cha nyangumi.

Na zingatia kwamba mwaka 1945 huyuhuyu Marr, mkuu wa msafara, alirudishwa na mwili wake kama Mooney alivyorudishwa 1921. Hakuna anayemhesabu kuwa alishindwa.

Wamarekani walipofanya jambo linalofanana na hili, 1928, mvumbuzi Richard Byrd alimchukua Antaktika skauti mmoja, Paul Siple, miaka 19, kutoka Erie, Pennsylvania. Siple alikuwa na beji nyingi mno, lakini pia alikuwa skauti wa majini, yaani alikuwa amekwisha kuishi na vyombo kabla ya kuchaguliwa. Akawa mwanasayansi, kipimo cha ubaridi wa upepo kina mkono wake, na mwaka 1957 aliongoza wanasayansi wa kwanza kukaa majira ya baridi katika Ncha ya Kusini yenyewe. Kisa kimoja hakithibitishi kitu. Hata hivyo naona busara katika kumtafuta kijana mahali ambapo kazi ya safari imeshaanza kumjaribu.

Ukipanga safari na vijana wako

Kabla ya kutangaza nani anakwenda, kaa na ramani na wasaidizi wako mtafute Madeira zenu: sehemu ambazo bado gari linafika, au mashua, au mtu anaweza kuteremka kwa miguu kabla giza halijaingia. Kwa kila moja muandike nani atamsindikiza anayerudi. Msindikizaji huyo awe ameshajua tangu mwanzo kwamba huenda yeye ndiye asiyefika, maana kumchagua papo hapo ni kumwadhibu. Safari isiyo na mtu mzima wa ziada kwa ajili hiyo haina watu wa kutosha.

Wazazi waambiwe mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba kijana anaweza kurudishwa na kwamba hilo halitakuwa aibu. Vijana waambiwe pia, wote pamoja, siku ambayo hakuna mgonjwa. Ukilisema mara ya kwanza mbele ya kijana anayetetemeka, halitasikika kama utaratibu. Litasikika kama hukumu.

Na atakaporudi, mwenzake aliyebaki asiachwe bila maelezo. Marr aliamka asubuhi moja akiwa skauti pekee melini. Katika kundi, wanaoendelea huwa na maswali wasiyoyauliza: je, ni mimi ninayefuata, je, tulimwacha? Dakika kumi za kikosi kukaa pamoja, kiongozi akieleza kilichotokea na mahali mwenzao alipo sasa, zinatosha.

Kumbukumbu ya safari iandikwe na majina yote. Aliyerudi aandikiwe kazi alizofanya hadi siku ile: siku alizobeba mzigo, zamu alizoshika, mwenzake aliyemsaidia. Kama alitimiza masharti ya beji kabla ya kurudi, apewe beji yake siku ileile wanayopewa wengine, mbele ya watu walewale. Na safari nyingine ikitangazwa, apewe fomu ya kuomba sawa na wenzake.